Papai Nililolifunga kwa Uzi

Mpaka leo nikilikumbuka lile jambo, hata kama niko peke yangu kwenye basi, najifunika uso kwa mtandio, lakini bora niwasimulie mwenyewe, maana wengine mmelisikia kwa shoga yangu Rehema na Rehema huongeza chumvi.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwetu Muheza, baba alinifungia mbegu za papai kwenye karatasi ya daftari, za ule mpapai wa nyuma ya jiko ambao mama, Mungu amrehemu, alikuwa akitukatia asubuhi kabla ya shule. Nikazipanda kwenye kopo la mtindi hapa kwenye fleti yangu ya Barking, huku ughaibuni, nikaliweka karibu na redieta inayopasha nyumba joto, ikaota miche mitatu, miwili ikafa kwa baridi ya Januari, mmoja ukakaza roho. Kila baba akipiga simu, kabla hata hajaitikia shikamoo yangu, anauliza, "Mpapai wetu umefikia wapi?" Mwaka wa pili ukatoa maua, nikamtumia picha, akasema tu, "Haya, tungoje."

Tukangoja. Miezi ikapita, maua yanapukutika tu, na baba alikuwa ndiyo kwanza katoka kulazwa, sauti imechoka, nikaona nimfurahishe mara moja (moja tu, nilijiambia). Nikanunua papai dogo bichi sokoni, nikalifunga kwenye shina kwa uzi wa kushonea, nikapiga picha, nikatuma.

Kumbe baba kaizungusha ile picha mtaa mzima, ikamfikia mzee Salim, baba yake Rehema, naye akampigia binti yake hapa Stratford kwamba aende akalionje kwa niaba yao. Jumapili Rehema akaja na mumewe na mashoga zake wawili, simu ya video mkononi, na kule Muheza baba kaketi ukumbini, majirani wamemzunguka kama wanatazama mpira. Nikasema halijaiva. Rehema akasema, "Hata bichi hupikwa, shoga," akalishika, akavuta kidogo tu, uzi ukakatika, papai likaanguka kwenye zulia, likabiringika na kugeuza juu ule upande niliokuwa nimeuelekeza ukutani. Akaliokota, akaisoma stika polepole mbele ya simu.

"Limetoka Brazil."

Kule Muheza walicheka mpaka picha ikawa inatikisika, na mimi nimesimama na kisu na sahani sijui niviweke wapi. Baba peke yake hakucheka. Alingoja watu watulie.

"Zuhura, mpapai huo ni dume. Niliyaona maua yake kwenye ile picha ya kwanza, yananing'inia, nikajua hautazaa, mpaka ulipotuma hilo papai nikadhani nimekosea."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ulikuwa umefurahi."

Nikaingia jikoni nikajifanya natafuta vikombe, Rehema akanifuata, akanishika bega (hiki ndicho kipande ambacho yeye hakisimulii).

Nimeapa sitamdanganya tena baba yangu. Sasa namtumia picha za mambo yalivyo, jani la njano, shina lililopinda likitafuta jua, na akiniuliza habari za huku simwambii tena "nzuri" kwa mazoea, namwambia baridi imenichosha na nimewakumbuka, naye siku hizi hana haraka ya kukata simu.