Miti Iliyoshika Boriti

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Bunia, shefu wa ujenzi alinipa nyundo.

"Diplome yako weka mufukoni," akasema. "Gonga, sikia."

Tulikuwa ndani ya depo, ghala la zamani lililochomwa wakati wa mapigano. Familia zilizokimbia vita kule Djugu zililala humo. Mwenye depo alikuwa amepiga lipu juu ya masizi, kila kitu kikaonekana kipya. Niligonga boriti kuu, ile inayobeba dari ya zege. Zege zima hulia kwa ukali. Hili lilijibu kama gunia la mihogo. Nikabandua lipu. Zege lilikuwa limegeuka rangi ya waridi, dalili kwamba moto uliingia ndani sana. Nondo zake zilikuwa na kutu ya zamani zaidi ya vita: mvua ilipenya kando ya vyuma ambavyo mwenye depo aliviacha vimesimama juu ya paa, akingojea ghorofa ambayo haikuja. Kutu huvimba, hupasua zege kutoka ndani. Moto ulikuta boriti imeshachoka.

"Watu watoke leo," nikasema.

"Waende wapi?" shefu akauliza. "Weye iko na nyumba ya kuwapa? Tia miti."

Tukaisimamishia nguzo za mikaratusi. Nilisema hazitoshi. Hakuna aliyenibishia, wala aliyenisikiliza.

Niliporudi kukagua, nguzo zilikuwa zimepungua. Mama Dorika, mkulima wa Kpandroma, alikuwa akipika sombe, majani ya mihogo, chini ya boriti ileile.

"Mama, unachoma nguzo yangu!"

"Ya kwako? Iko na jina?" Wenzake wakacheka.

"Nyumba itawaangukia."

Hapo akaacha mzaha. "Enjenyeri, dada yangu alienda kutafuta kuni porini, hakurudi. Kuni ya kule inaua leo. Boriti yako itaua siku gani?"

Nilijua kukokotoa mzigo. Siku sikuijua, nikamwambia hivyo. Akageukia chungu chake.

Nikamwomba shefu tupeleke kuni pamoja na nguzo mpya. "Siye ni wajenzi," akasema, "hatupike."

Boriti ilianguka asubuhi ya mvua, wengi wakiwa kanisani. Mama Dorika alikuwa amebaki na chungu.

Niliacha kazi nikiwa bado kijana. Ninyi wahandisi mtakaonifuata mtafundishwa jinsi kutu na moto vinavyokula nguvu ya boriti, na yote ni kweli. Lakini mimi nakumbuka wanawake wakichomoa nguzo zilizobaki kutoka kwenye kifusi. Walizibeba kichwani, wakaenda kuzipikia chakula cha matanga ya Mama Dorika.