Taa za Hodhi la Shemeji

Kaka wa mke wangu alikuwa karani wa ushirika enzi zile za kupanga foleni, na alikuwa mkali. Mtu akikutwa na miche minne ya sabuni chini ya kitanda, yeye ndiye aliyesimama mkutanoni kumwita mlanguzi. Ruksa ilipokuja, biashara ikaachiwa huru, hakungoja hata mwaka uishe. Alifungua duka, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa sabuni. Baada ya duka akajenga gesti katika mtaa wa Mazwi, na alipoona hodhi la samaki katika hoteli moja ng'ambo ya mpaka, Zambia, alirudi akisema Sumbawanga nayo imestaarabika, lazima iwe na lake.

Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia. Alinidharau kwa ajili ya viatu vyangu, nami nilimdharau kwa mengine yote.

Hodhi lilikuwa refu kuliko kitanda, kioo kitupu, limekaa juu ya jukwaa la zege sebuleni. Ndani alitia mchanga, samaki wadogo wenye milia walioletwa kwa madumu kutoka ziwani Kipili kwa gari la dagaa, na majani marefu membamba kama utepe yaliyong'olewa huko huko ziwani. Juu akaning'iniza balbu moja aliyoipaka rangi nyekundu. Baada ya wiki mbili majani yalikuwa ya kahawia na maji yananuka. Akaagiza mengine. Nayo yakafa. Akaagiza tena, kama mtu anayebadilisha mashuka. Ndipo mke wangu akaniomba nikamsaidie kaka yake.

Nilimweleza kwamba mmea huishi kwa mwanga, na chini ya maji mwanga hufika kidogo. Alinisikiliza huku akichokonoa meno.

"Basi fanya, shemeji," alisema. "Si ndiyo mambo yenu ya vitabuni."

Nikafanya. Taa ya kuoteshea mimea majini haikuwa ikiuzwa popote mjini, kwa hiyo nilimwomba seremala aniundie sanduku la mninga lenye urefu wa hodhi lenyewe, lisilo na kitako. Ndani nilipigilia bati nililolisugua kwa majivu mpaka ukaweza kujitazama ukinyoa ndevu, nikalipinda ili mwanga wote ushuke majini. Nikafunga taa nne za tyubu. Choki zake, vifaa vya kuwashia tyubu ambavyo hupata moto na havipatani na maji, niliziweka kwenye kisanduku cha ukutani. Ncha za tyubu nilizivisha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli ili mvuke usiziingie. Kazi ilinichukua majuma matatu, kila siku baada ya vipindi. Nikaagiza taa ziwake kutwa nzima, na umeme ukikatika, iwashwe jenereta.

Siku ya tano nilikuta majani yanatoa vipovu, vidogo kama vichwa vya pini, vikipanda kimoja kimoja. Shina moja lilikuwa na chipukizi. Nilikaa kwenye kochi la mtu nisiyempenda nikatazama saa nzima, na nilifurahi mpaka nikaona haya.

Siku ya ufunguzi wa gesti walikuja wafanyabiashara wenzake na maofisa kadhaa. Aliwaambia taa zimetoka Dubai. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Mgeni mmoja akauliza ni nani basi aliyezifunga, naye akaninyooshea kidole.

"Huyu kijana wangu wa umeme."

Nilikuwa nimemzidi miaka miwili. Wageni walinitazama viatu. Mke wangu, aliyekuwa amebeba sinia la sambusa, alisimama kidogo, kisha akapita.

Haukupita muda shemeji akaanza kuzima taa, akiziwasha wageni wanapoingia tu. Nilimwonya. Akasema hawezi kuchoma dizeli kulisha nyasi. Majani yakaoza, samaki wakafuata. Akaleta majani ya plastiki kutoka Tunduma, ya kijani kikali kisichopatikana duniani, na wateja wakayapenda kuliko yale ya kwanza. Ofisa mmoja alikigonga kioo kwa pete yake akasema haya ndiyo mazuri, hayasumbui mtu. Shemeji aliitikia kwa kichwa, kwa busara, kana kwamba ameyaotesha mwenyewe.

Niliomba sanduku langu. Alinipa. Plastiki haihitaji jua. Tulilibeba mimi na seremala, yeye mbele mimi nyuma, tukapita Mazwi yote upepo ukitupiga.

Nyumbani nilimsema shemeji mpaka chai ikapoa. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho.

"Lakini wewe ulitaka nini?" aliuliza. "Majani yaote, au yeye akutaje mbele za watu?"

Nilimjibu kwamba yeye na kaka yake ni damu moja, nikatoka. Lilikuwa jibu la kijinga, na nililijua hilo kabla sijafika mlangoni. Sikurudi kulifuta. Sanduku lilikaa nyuma ya nyumba miaka mingi, kuku wakitagia ndani.