Maji ya Kalenga Hayafiki Mia

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Didas Kihwele anapuliza jiko la mkaa mlangoni mwa maabara, anakohoa, anapuliza tena. Jikoni kuna sufuria yenye nusu lita ya maji, na ndani ya maji kinaning'inia kipimajoto kilichofungwa uzi kwenye kijiti ili kisiguse chini.

Anapanga viti vinane kulizunguka jiko. Anakalia kimoja.

"Saa tatu wataanza kuingia," anasema.

Saa tatu inafika. Saa tatu na nusu nayo inafika. Anapita kuku mmoja tu, anachungulia mlangoni, anaendelea na shughuli zake.

Hii ni klabu ya sayansi ya shule moja ya sekondari ya kata, nje kidogo ya Kalenga, mkoani Iringa. Mwaka jana ilikuwa na wanafunzi ishirini na wawili. Mwaka huu, tangu Januari, hajaja hata mmoja. Na leo saa sita mchana ndiyo mwisho wa kuandikisha washiriki wa maonesho ya sayansi ya kanda. Fomu iko mezani, imewekewa jiwe upepo usiichukue. Inataka majina mawili ya wanafunzi. Mawili tu, jamani!

Didas, mwenye umri wa miaka 59, si mwalimu. Ni mtunza maabara. Aliajiriwa na bodi ya shule miaka thelathini na moja iliyopita kuosha chupa na kufagia, akiwa na elimu ya darasa la saba, na leo analipwa shilingi laki moja na themanini kwa mwezi. Chumba chake kiko nyuma ya maabara hiyo hiyo.

"Walimu wananiona mfagizi. Wafagizi wananiona mwalimu," anasema. "Kwa hiyo chai nakunywa peke yangu."

Lakini muulize mtu yeyote aliyesoma hapa, atakusimulia vituko vya Babu Maabara. Alikuwa akivisha puto kwenye mdomo wa chupa ya ulanzi mbichi, pombe ya mianzi, puto linavimba lenyewe mpaka darasa zima linapiga makofi, huku wengine wakiulizana kama mchungaji atasikia. Alitia yai lililomenywa ndani ya chupa bila kulisukuma. Aliwasha taa ndogo ya saa kwa viazi vya Njombe. Kila jaribio lilikuwa na sharti moja: andika ulichokiona, usiandike ulichokisoma.

Sharti hilo ndilo lililomponza.

Chanzo ni maharage. Marehemu mkewe, Eveline, alikuwa mzaliwa wa Ifakara, kule bondeni. Alipoolewa Kalenga alilalamika kila siku kwamba maharage ya huku yanamaliza kuni na hayaivi. "Aliniambia, baba Silvester, maji ya kwenu yanatokota tu, hayana moto," anakumbuka Didas, na anacheka kidogo. "Nikasema mwanamke huyu ana visingizio. Siku moja nikachukua kipimajoto nikapime, nimkomeshe. Maji yakachemka, zebaki ikasimama tisini na tano. Nikangoja. Haikupanda tena. Eee! Kumbe alikuwa anasema kweli."

Sababu yake aliikuta baadaye kwenye kitabu cha kidato cha tatu. Kadiri nchi inavyoinuka, hewa inayoyakandamiza maji inapungua, nayo maji yanachemka kabla ya kufikia nyuzi mia. Iringa iko juu. Maji yake yana haraka.

Hapo ndipo alipoelewa jambo lililomtoa machozi. Kwa miaka mingi shule yake ilikuwa ikitupa vipimajoto vizima. Mwanafunzi anachemsha maji, anasoma tisini na tano, kitabu kinasema mia, basi kifaa ni kibovu, kitupwe. Didas akaanza kupita shule za jirani akiomba vipimajoto vibovu. Leo anavyo kumi na kimoja kwenye kabati, vimeviringishwa kwenye soksi kuukuu. Vyote vizima.

Mwaka jana aliamua kulipeleka jambo hilo kwenye maonesho, Mbeya. Kiongozi wa kundi alikuwa Anjela, binti wa kidato cha tatu, hodari wa kusema. Wakachemsha maji mbele ya waamuzi. Mbeya iko juu kuliko Kalenga, kwa hiyo kipimajoto kikasimama tisini na nne. Kwenye daftari lao la nyumbani waliandika tisini na tano.

Ule ndio ulikuwa ushahidi wenyewe! Lakini mmoja wa waamuzi, mtu aliyechoka na mwenye meza nyingi za kupitia, alitazama namba mbili zile akatikisa kichwa. "Kifaa chenu hata chenyewe hakijielewi," alisema, akaandika sifuri kwenye kipengele cha usahihi. Anjela alijaribu kueleza, mwamuzi akawa ameshahamia meza inayofuata. Wanafunzi wa shule nyingine wakapata la kusema: maji ya Wahehe hayana subira.

"Alilia kutoka Mbeya mpaka Mafinga," anasema Didas. "Mimi nimekaa kiti cha nyuma yake. Ningesimama pale mbele ningesema. Lakini mimi si mwalimu, sikuruhusiwa kuikaribia meza."

Baada ya hapo klabu ikayeyuka, mmoja leo, wawili kesho.

Mwalimu Yotamu, anayefundisha fizikia shuleni hapo, hamlaumu mzee. "Mzee Kihwele yuko sahihi, na mimi najua yuko sahihi," anasema. "Ila nina watoto mia na arobaini na mtihani unaouliza kama kitabu. Nikiwaambia waandike tisini na tano, wakikosa, mzazi atakuja kwangu. Hataenda kwake."

Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini Didas alijaribu. Mwezi Aprili alipanda basi peke yake hadi Idodi, kwenye barabara ya kwenda Ruaha, ambako nchi imeshuka. Akaomba nafasi kwenye jiko la mama mmoja muuza chakula, akachemsha maji. Kipimajoto kile kile kilisimama tisini na saba.

"Nikapiga kelele, tisini na saba! Yule mama akaniuliza, mzee, bei ya nini hiyo?" Anacheka mpaka anafuta macho, kisha kicheko kinaisha ghafla. "Nilitamani Eveline awepo. Nikampigia Silvester, mwanangu, yeye ni dereva Dar es Salaam. Akasema baba niko barabarani. Basi nikanywa yale maji na majani ya chai, nikarudi."

Eveline amefariki miaka sita sasa. Silvester hupiga simu Krismasi.

Saa tano na robo, kivuli kinaanguka kizingitini. Didas anasimama haraka mpaka kiti kinapinduka. Ni Anjela, sasa yuko kidato cha nne. Haingii ndani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene!" anaongeza salamu ya Kihehe. "Pita, pita, maji yamechemka."

"Sikai, babu. Mama ameniambia mwaka huu nisome tu, mambo ya maonesho niache." Anachezea mkoba wake. "Nimekuja kukwambia kitu. Kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, lilitoka swali la maji kuchemka."

"Ukaandika ngapi?"

Binti anatazama chini. "Mia."

"Ukapata?"

"Nimepata."

Didas anakiinua kiti kilichoanguka, anakifuta vumbi kwa kiganja ingawa hakina vumbi. "Umefanya vizuri," anasema. "Salimia nyumbani."

Anasimama mlangoni mpaka binti anapokata kona ya uwanja wa mpira. Saa sita inagonga. Fomu haina jina hata moja. Anaikunja mara nne, anavirudisha viti ukutani, kimoja kimoja, vyote vinane.

Machi mwakani atatimiza miaka sitini na kukabidhi funguo. Anaulizwa atafanya nini. Anajibu upesi, kama mtu aliyengoja sana kuulizwa.

"Nitakwenda baharini. Sufuria yangu, kipimajoto changu, mkaa nitanunua huko huko. Silvester ananiuliza, baba, usafiri njia yote hiyo kuja kuchemsha maji? Namwambia ndiyo. Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye maabara, sijawahi kuona maji yakifika mia. Hata siku moja."

Anachochea mkaa unaokufa.

"Nikiiona, nitampigia Anjela. Nitamwambia, ile mia uliyoandika nimeiona kwa macho yangu, ipo. Hukudanganya, mwanangu. Uliandika tu maji ya watu wengine."