Niliahidi watu wa Matonge kwamba mutoto atawataja majina ndani ya opera

Admin, ficha jina yangu, ijapokuwa hapa Bruxelles watanijua tu, kwa kuwa hakuna mweusi aliyeimba opera Ulaya hii kama mimi. Niko na miaka hamsini na sita, mutoto wa Lubumbashi, naishi Ixelles. Siku zile nikishusha sauti yangu ya chini, vitasa vya milango ya théâtre vilikuwa vinatetemeka. Chef d'orchestre mwenyewe, yule anayeongoza wapigaji na waimbaji, aliniombaka nisimame nyuma kabisa, eti wale wa mbele nao wasikike. Waulizeni wazee. Kiisha koo ikapata ugonjwa, docteur akaniambia, "Monsieur, kuongea utaongea, lakini kuimba basi." Bon, nikageuka meneja.

Ninayemusimamia ni binti ya kaka yangu. Nimuite Deborah, si jina yake. Alikuja kusoma muziki hapa, na mimi ndiyo nilimufungulia milango yote. Papa mwenye restaurant kule Matonge, mutaa wetu Wakongo hapa Bruxelles, alikuwa anamulisha kila akitoka masomo. Maman mushonaji alimushonea robe za kuimbia. Pasteur akatoa chumba chenye piano, na baridi ikikaza alikuwa anamuwashia chauffage yeye mwenyewe. Hakuna aliyeomba kitu. Lakini munajua muziki ya kwetu: mwimbaji anatupiaka watu jina. Katikati ya wimbo anaita mutu aliyemusaidia, na yule mutu anasimama mbele ya wote, anacheza kidogo, anajisikia mukubwa mwaka muzima. Donc kila nikiwaaga nilikuwa nasema, "Usijali, papa. Siku mutoto atasimama ndani ya opera, atakutupia jina."

Ile siku imefika. Jumamosi hii Deborah anaimba rôle yake ya kwanza, kijakazi, na iko na wimbo mmoja wa peke yake. Jumapili iliyopita, tukiwa mezani kwangu, nikamuambia ile habari ya majina. Akacheka mpaka akaweka uma chini.

"Tonton, unanichekesha! Pale kila neno iliandikwa zamani, na orchestre nzima inafuata."

"Nafasi iko," nikasema. "Pale unavuta ile 'aaa' ndefu. Juu ya nini kuvuta 'aaa' ya bure? Weka pale Papa Restaurant."

Akaniangalia uso. Kicheko ikakatika. "Tonton. Uliahidi watu?"

"Si wengi. Wanaenea ku benchi moja."

"Nikitaja hata mutu mmoja, Jumatatu sina kazi. Wewe uliimba opera, unajua hivyo kunipita."

"Na usipotaja, mimi sitapita tena Porte de Namur, pale metro inashushia watu wa Matonge."

"Basi ushukie arrêt ingine!"

Kiisha akapunguza sauti, na ile ndiyo iliniumiza kuliko makelele. Akasema kuna madame mmoja wa agence ya kusimamia waimbaji, Mubelgiji, anamutaka tangu siku nyingi, na yeye anamukatalia kwa sababu yangu. "Mbele ya Jumamosi, nenda uwaambie wewe mwenyewe, kwa kinywa yako. Wakifika wamekaa pale wanangoja jina, mimi na wewe kazi imeisha. Utabaki tonton wangu. Meneja, hapana."

Jumatatu nikaenda restaurant. Nilikuwa nimejipanga maneno njiani, mazuri kabisa. Kufungua mulango tu, papa akapiga kelele: "Monsieur l'Opéra! Mupisheni kiti!" Akaniletea samaki bila kuniuliza. Nikasema moyoni, acha nile kwanza. Nilikula, nikanawa, nikaenda nyumbani.

Jumanne nikaenda kwa maman mushonaji. Huyu anajishonea robe ya kijani, anataka akisimama kila mutu amuone. "Tonton, ni wakati gani atanitaja? Dada yangu atafilme." Mimi, badala ya kusema ukweli, nikasikia kinywa yangu inajibu: "Karibu na mwisho." Akashukuru. Akaniuliza tena kama asimame muda wote ama akae haraka. Nikamuambia akae haraka, pale ni opera, si ndoa.

Pasteur sijaenda kumuona kabisa. Yeye alishatangaza ku église, Jumamosi wanakuja kundi nzima.

Leo ni Alhamisi. Deborah amenipigia asubuhi: "Uliwaambia?" Nikasema niko ku bus, sisikii vizuri. Nilikuwa ku kitanda. Mimi niliyesimama mbele ya wafalme na mawaziri, naogopa mwanamuke mwenye cherehani! Nikiwaambia, wataona miaka yote niliwadanganya. Nikinyamaza, nitampoteza mutoto, na sina kazi ingine, sina mwimbaji mwingine, hata mimi mwenyewe sauti sina. Wapendwa wa page hii, mulio na akili ya kutulia, mungekuwa mimi mungeanzia mulango gani kesho? Musinitukane, nimeshajitukana ya kutosha.

Na kitu kimoja kidogo, Deborah bado hajui. Jina ya kwanza niliyotaka aite, mbele ya ya papa, mbele ya ya pasteur, ni ya kwangu. Miaka yote nilivaa nguo za askari, za mapadri, za walevi, nikiimba kule nyuma na wengine, na hakuna siku hata moja mutu aliita jina yangu mule ndani.