Muuza Pole wa Laini Saba

Kazi ya Nasike haikuwa na jina, na hilo ndilo lililowaudhi watu. Mkunga walimjua. Nesi walimjua. Hata yule mzee wa Makina aliyeuza dawa za mizizi walimjua. Lakini mwanamke anayelipwa akae tu na mwenye mimba, amsugue mgongo, amsindikize hospitalini na kumshika mkono mpaka mtoto atoke, kisha arudi naye nyumbani kumkanda na kumpikia uji hadi apate nguvu, huyo walimwona mwizi aliyegundua njia mpya.

"Nasike, pole leo inauzwaje?" Seline, muuza omena kando ya reli, alimwita kila alipopita. "Nipimie ya robo. Mgongo unaniuma na sina hata mimba."

"Yako haipimwi kwa robo," Nasike alijibu bila kusimama. "Wewe unahitaji gunia."

Wanawake wa vibanda walicheka, lakini waliyemcheka ni Nasike. Jina likashika. Muuza Pole. Na mtu akitaka kumchoma zaidi aliongeza kwamba hajawahi kuzaa. Hilo lilikuwa kweli. Mimba zake zote zilitoka kabla ya wakati, mume akachoka kungoja, akaenda zake Kitale na hakurudi.

Zamani alikuwa akifagia kwenye kliniki moja ya kina mama huko Kawangware. Wasichana walilala pale wakilia peke yao, manesi wawili wakikimbia huku na huku, waume wakivuta sigara barabarani. Nasike aliegemeza ufagio ukutani, akakaa kitandani na msichana mmoja, halafu mwingine. Mwenye kliniki alimkuta na kumfukuza.

"Nilikuajiri ushike ufagio," alimwambia, "si mikono ya watu."

Basi akaenda kushika mikono ya watu kwa malipo yake mwenyewe.

Biashara ilisimama kwa sababu moja, na watu wa kutoka magharibi ya nchi waliielewa bila kuelezwa. Nyumba ya kupanga ni chumba kimoja. Kuna kitanda, pazia, jiko la makaa, basi. Mama mzazi wa mke hawezi kulala humo, kwa maana hicho ni kitanda cha mkwe wake, mtu ambaye hata mkono hampi. Mama wa mume naye haingii mahali mwanawe anapolala na mkewe. Kule nyumbani kuna boma, kuna jiko la nje, kila mtu ana pa kujificha. Nairobi hakuna. Msichana anajifungua, na wanawake wote wanaopaswa kumsaidia wamefungiwa nje na heshima. Anayeweza kuingia ni mtu baki. Nasike hakuwa mtu wa mtu, na hiyo ndiyo ilikuwa bidhaa yake.

Aliilinda kwa sheria kali. Hakukata kitovu wala hakutoa dawa. Hakwenda kwenye ubatizo wa mtoto yeyote aliyemngojea azaliwe, na mzazi akisema mtoto ataitwa Nasike, alikataa papo hapo. Watu walidhani ana roho ngumu. Alijua kwamba siku atakapokuwa ndugu, mlango utafungwa.

Halafu akaivunja sheria yake kwa Lenah.

Lenah alipanga chumba kilichopakana na chake Laini Saba, huko Kibera, msichana mwembamba aliyeshona sare za shule kwa cherehani ya kukodi. Mama yake alikufa akijifungua, peke yake ndani ya nyumba, majirani wakiwa shambani. Lenah alikuwa mtoto wa miaka sita, ndiye aliyemkuta. Hadithi hiyo alimsimulia Nasike mara moja tu, akishona, bila kuinua macho.

Mukhwana, fundi wa kuchomelea madirisha kule Kabiro, Kawangware, alipotaka kumuoa, watu wake walikuja wakiongozwa na mjomba Wabwire. Lazima awepo mama wa kukaa kwenye kiti cha mama. Wapangaji wa Laini Saba huazima viti, huazima sufuria, na siku hiyo Lenah aliazima mama. Nasike alikaa. Walimkabidhi blanketi la mama mkwe, akalipokea kwa mikono miwili, akapigiwa vigelegele. Alidhani ni shughuli ya mjini, ikiisha imeisha.

Watu wa upande wa mume hawakudhani hivyo. Tangu siku hiyo, Mukhwana akimwona kando ya reli aliruka upande wa pili, akajifanya anasoma matangazo ya mahubiri ukutani. Nasike alicheka sana. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Lenah alihamia Kabiro, na mimba ilipokuwa kubwa alituma ujumbe. Hakuwa anaomba pole. Alitaka ahadi: kwamba uchungu ukianza, Nasike atakuwepo. Nasike akaahidi. Asubuhi moja alitia vitu vyake kwenye kikapu, akakata Makina, akavuka Ngong Road, akafika Kabiro miguu ikiwa na vumbi.

Langoni alimkuta Bridgit, dada mkubwa wa Mukhwana, ameegemea nguzo kama askari wa benki.

"Unaenda wapi?"

"Kazini."

"Kazini kwa mkwe wako? Utachutama mbele ya kitanda cha mkwe wako ukoroge uji?"

"Nimeitwa na Lenah. Toka njiani."

"Mama huajiriwa na mtoto wake? Tangu lini?" Bridgit aliinua sauti wapangaji wasikie. "Blanketi letu ulichukulia nini, baridi?"

Mukhwana alikuwa uani na mashine yake. Alikuwa amegeuka, uso kwenye ukuta wa mabati, kwa kuwa hakuruhusiwa kumtazama mama mkwe.

"Kijana, sema neno," Nasike alimwambia.

Mukhwana aliuambia ukuta. "Mwambieni sina ubaya naye. Lakini mwiko ukivunjwa na mtoto akazaliwa na kasoro, wataniuliza mimi."

"Umesikia," Bridgit alisema. "Chagua. Rudisha blanketi mbele ya mjomba uwe mtu wa kazi, au baki nalo uwe mama na ukae nje. Na ukiingia kwa nguvu, nitapita ploti kwa ploti, kila nyumba ya kupanga hapa Kawangware. Hakuna mume wa kwetu atakayekuita tena. Utabaki na Seline na omena zake."

Dirisha lilifunguka. Lenah alitoa kichwa, uso umevimba. "Usirudishe! Acha nizae peke yangu!"

"Nyamaza wewe," Bridgit akasema. "Hakuna aliyekuuliza."

Nasike alirudi Laini Saba na hasira iliyomfanya asimjibu mtu njiani. Blanketi lilikuwa juu ya kitanda chake, la rangi ya damu ya mzee na mistari myeusi. Kama angebaki nalo, Lenah angekuwa binti yake na angejifungua kama mama yake alivyojifungua, bila mtu. Kama angelirudisha, angekaa naye, lakini si kama mama. Aliapa atakuwepo. Hakuapa atakuwa nani.

Jumapili baada ya kanisa alisimama kwenye lango la Kabiro na blanketi limekunjwa.

"Ulipokea kwa mikono miwili," mzee Wabwire alisema, kwa upole wa mtu asiyeipenda kazi aliyopewa. "Rudisha kwa mikono miwili."

Akarudisha. Bridgit alilikung'uta hadharani, eti asije akapeleka kunguni nyumbani. Lenah alisimama mlangoni, mikono juu ya tumbo.

"Sawa," alimwambia Nasike. "Umenirudisha kama sufuria."

Kuanzia siku hiyo Nasike aliingia chumbani bila kuzuiwa, na ikawa afadhali angezuiwa. Lenah alimgeuzia mgongo usuguliwe bila kusema neno. Alikunywa uji na kuweka kikombe sakafuni. Bridgit alikaa kwenye stuli karibu na mlango tangu asubuhi mpaka jioni, akitafuna karanga, akihakikisha kwamba mtu wa kazi anafanya kazi.

Uchungu ulianza asubuhi, jua limeshachomoza. Walitembea mpaka kliniki, si mbali, Lenah akiwa katikati, Mukhwana mbele sana, bado na mazoea ya kutomtazama Nasike. Uchungu ukimbana, Lenah alishika ukuta wa watu, alishika nguzo ya kioski, hakushika mkono wa Nasike.

Nesi wa mlangoni alikuwa mnene, mwenye haraka. Alimvuta Lenah ndani, kisha akaziba mlango kwa mwili wake.

"Anaingia mmoja, na awe ndugu. Hapa si sokoni. Wewe ni nani wake?"

Swali hilo Nasike alilijua. Kwa miaka yote alilijibu kwa uongo mmoja: mama yake. Uongo huo ulifungua milango yote kutoka Kibera mpaka Kawangware, na haukumsumbua kamwe, kwa sababu haukuwa kweli hata kidogo. Sasa Bridgit alimkodolea macho, akingoja. Neno hilo likitoka, Jumapili ingekuwa bure.

"Mimi ni wa kazi," Nasike alisema.

"Wa kazi abaki nje. Na wewe?"

"Mimi ni wifi yake," Bridgit alijibu, kifua mbele.

"Vaa hili gauni, uingie."

Bridgit alilichukua gauni. Mlango ukafunguliwa. Ndani mwanamke mwingine alipiga ukelele uliopanda hadi ukakatika, na mhudumu akapita amebeba ndoo, akiwaambia wampishe. Bridgit aliangalia ndani ya ndoo. Hakupaswa kuangalia. Midomo yake ikawa ya kijivu, na yule aliyeweza kutukana ploti nzima kabla ya chai alishikilia benchi kwa mikono yote miwili.

"Sista, ngoja. Mimi sijazaa."

"Nani amekuuliza kama umezaa? Ingia, usinipotezee wakati."

"Mpeleke huyu."

"Huyu amesema ni wa kazi."

"Ni mama yake!" Bridgit alipaza sauti. "Ni mama yake, sista! Tulimpa blanketi!"

Benchi zima liligeuka. Mukhwana, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi, alisikia. Nasike hakusogea.

"Sema tena," alimwambia Bridgit. "Ndugu yako asikie vizuri."

"Usinichezee, wewe mwanamke."

"Sema tena, ama uvae gauni."

Ukelele mwingine ukatoka ndani, na huu ulikuwa wa Lenah.

"Ni mama yake," Bridgit alisema kwa meno, machozi ya hasira yakimtoka. Mukhwana alishuka ngazi polepole, akageukia barabara.

Nasike alivaa gauni, akaingia. Lenah alikuwa kwenye kitanda cha chuma, nywele zimelowa.

"Umefuata nini? Si ulinirudisha?"

"Nimeletwa."

"Na nani?"

"Na wifi yako. Amenikabidhi mbele ya watu, mara mbili. Miguu ilimkataa."

Lenah alianza kucheka, uchungu ukamkatiza kicheko, akaukamata mkono wa Nasike na kuuminya hadi mifupa ikalia. Hakuuachia mpaka mtoto alipotoka, msichana, mweusi kama chungu, akipiga kelele kama mtu aliyeonewa.

Mzee Wabwire aliambiwa. Neno lililosemwa na upande wa mume, mbele ya mashahidi, tena bila kulazimishwa na sheria yoyote ila woga, hakuona jinsi ya kulimeza. Blanketi likarudi Laini Saba. Na lango la Kabiro likafungwa kwa Nasike, safari hii kabisa.

Ndipo kazi ya siku zilizofuata ikamwangukia Bridgit: uji, maji ya kukanda, nepi, na kulala kwa jirani ili ndugu yake apate kitanda chake. Alilipa kisasi kwa mdomo, kama alivyoahidi. Alipita ploti kwa ploti. "Mwite huyo leo akusaidie," aliwaambia wanaume, "kesho utakuta ni mama mkwe wako, unamkimbia kwenye nyumba unayolipia kodi." Wakaacha kumwita Nasike. Kawangware yote ya watu wa kwao ilimpotea, naye akabaki na wachache wa Laini Saba, wengi wao Wakamba, ambao hawakujali blanketi la mtu.

Hata hivyo siku aliposikia Lenah ameweza kutembea, alikwenda. Alisimama nje ya lango, kidole cha mguu kisivuke. Lenah alimletea mtoto pale, akampa ampakate. Bridgit alikuwa kwenye mfereji, mikono kwenye sabuni hadi viwiko.

"Mwambie mama yako amtazame haraka aende zake," Bridgit alisema bila kuinuka.

"Mwambie wifi yako asugue, asiongee," Nasike akamjibu Lenah.

Bridgit alinyanyua beseni na kuyamwaga maji machafu kuelekea langoni, yakatiririka mpaka kwenye viatu vya Nasike. Nasike akamhamishia mtoto bega la pili, akabaki pale pale.