Ua wa Katikati ya Ofisi

Kuchora hakukunichosha. Mikutano ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa mchora ramani wa shirika moja la umma pale Kibaha, miaka ile ya Ujamaa, umeme ukija unapojisikia. Tulipotakiwa kujenga makao makuu, nikachora jengo lenye ua katikati, wazi juu, lenye bustani, na kila chumba kikiufungulia dirisha. Nyumba ya bibi yangu Kisarawe ilipoa hivyohivyo, bila mashine yoyote. Kamati ya shirika ikaniuliza, je, maua yanaliwa? Nikabisha mpaka koo likakauka, wakakubali shingo upande.

Tulipohamia, upepo ukapita kila chumba. Raha iliyoje! Haikudumu. Ikaja amri kila penye uwazi palimwe chakula. Mwenyekiti wa kamati akasimama uani, akatazama maua yangu, akasema, "Ndugu, siasa ni kilimo." Yakang'olewa. Pingili za mihogo zikaletwa kutoka Kibuta, kila idara ikapewa tuta lake.

Nilinuna, lakini nikarudi kwenye kazi yangu, maana mihogo nayo ilitoa kivuli na hewa iliendelea kupita. Balaa likawa kisamvu. Wahasibu walichuma kwenye tuta la masijala, masijala wakalipiza kwa utawala, mpaka mihogo ikabaki vijiti. Mama aliyetupikia chai akanicheka, "Kaka, bustani yako imekuwa mboga ya taifa." Asubuhi moja watu wazima, na heshima zao, wakakunjana mashati pale uani kwa ajili ya majani.

Kamati ikakaa. Nilidhani watakataza kuchuma, basi. Mwenyekiti akasema chanzo cha ugomvi ni uwanja, kwa hiyo uwanja ufunikwe, tupate na chumba.

"Jamani, mnaliziba jengo pua!" nikasema.

"Ndugu mchoraji, umezidi ubishi."

Kweli nilikuwa nimezidi, na nilikuwa nimechoka. Mabati yakapigwa, sakafu ikamwagwa. Joto likatanda jengo zima, na kila aliyekutana nami ukumbini akajipepea na faili, akaniuliza nyumba gani hii niliyowachorea. Mwanzoni nilieleza. Baadaye nikawa naitikia salamu tu na kupita.

Chumba kipya wakapewa wachora ramani. Meza yangu ikawekwa pale palipokuwa na maua, chini ya mabati, jasho likidondokea karatasi. Kazi yangu ya kwanza humo ilikuwa kuchora mahali pa kufunga mapangaboi ya kutuletea upepo. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika.