Mwanafunzi ni Mimi

Karani wa masjala yetu hulamba kidole kabla ya kufungua faili lolote, hata lile jembamba la kurasa mbili. Miaka kumi na minane amewafundisha kazi mabosi wanaokuja na digrii zao. Mwezi huu, kila mapumziko ya mchana, alikuwa akipigia simu vyuo vinavyofundisha kwa njia ya masafa, na maswali yake yalikuwa yaleyale: ada inalipwa kwa awamu? Mitihani ni Jumamosi? Viwili vilimshinda kwa ada. Jana cha tatu kikakubali yote.

"Sawa, mama," akasema msajili kwenye spika ya simu. "Huyo mwanao anataka kusomea nini?"

Karani akaweka kalamu chini. "Mwanangu alishamaliza. Mwanafunzi ni mimi."

Kisha akamtajia jina lake, herufi moja moja, bila haraka, na sisi wengine tukaacha kuandika.